Kwa Zuhura, kabla ya safari ya Vancouver

Kibokoni, Mombasa
Jumapili, baada ya Alasiri

Mwanangu Zuhura,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, isipokuwa goti la mamako, limeanza tena kumsumbua na baridi hii ya kusi. Barua anakuletea Salim, anapanda treni Jumanne asubuhi inshallah. Ningepiga simu, na juzi nilipiga, lakini ulikuwa kwenye foleni ya kubadilisha pesa ukaniambia, "Baba, nifupishie." Nikasema basi, kesho. Kesho yake ukampigia mamako. Hili nililo nalo halifupishiki, ndiyo maana nimekaa na kalamu.

Ratiba yako nimeiona. Umeiweka kwenye kundi la familia, shangazi zako wakamwaga maua na mikono ya dua, nami nikaisoma pamoja na watu wote kama mtu baki. Si neno. Nimeisoma mara nne. Stanley Park, soko la Granville Island, mlima wa Grouse, makumbusho ya chuo kikuu, yote mazuri. Siku ya tano umeandika Lynn Canyon, ukatia na picha ya vijana wanachupa majini kutoka juu ya jabali, na chini yake umeandika: "Kama Baba, 1986."

Zuhura mamangu, usichupe.

Nakujua. Ukifika hapo utacheka, utasema mzee ameanza. Nami najua unavyoogelea, sihitaji kuambiwa. Ulivuka kutoka bandari ya zamani hadi ng'ambo ya Nyali ungali shule ya msingi, na wale wavulana uliowaacha nyuma leo wana ndevu na bado wananiuliza habari zako pale barazani. Jambo hilo limenijaza kifua miaka yote na sitalikana leo. Lakini ndilo hasa linaloninyima usingizi. Asiyejua kuogelea atasimama juu ya daraja, apige picha, aende zake. Anayejua ndiye anayevua viatu.

Maji yetu yamekudekeza. Bahari ya hapa haishuki chini ya digrii 24 hata kusi livume vipi, na mwili wako haujawahi kukutana na maji yanayokukataa. Yale ya Lynn Canyon ni theluji iliyolala mlimani tangu majira ya baridi, ikayeyuka, ikashuka kwenye korongo jembamba ambalo jua halifiki chini ila kwa kitambo. Juu kuna joto la Julai, watu wamevaa kaptura wanalamba aiskrimu. Chini maji ni ya kijani kama kioo cha chupa, unaona kila jiwe, unadhani yatakufika kiunoni. Hayakufiki kiunoni. Chini kuna majabali yaliyoliwa na maji kwa ndani yakawa kama mapango, kuna magogo yaliyokwama, na penye maporomoko maji huzunguka yakakuvuta chini na kukushikilia palepale. Vibao vya kuonya watu wasichupe viko pale kwa sababu vijana wamekufa, na wengi wao walikuwa na nguvu zao na wanajua kuogelea.

Salim amenisomea kwenye simu habari za profesa mmoja wa huko Kanada, Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba. Mtu huyu amejitia mwenyewe kwenye maji ya barafu mara nyingi ili apime mwili unafanya nini. Hesabu yake ni 1, 10, 1. Dakika 1 ya kwanza ni ya kupigania pumzi, kwa kuwa kifua hukuvutia hewa bila ruhusa yako, na kama mdomo uko chini ya maji utavuta maji. Dakika 10 ndizo ambazo mikono na miguu bado vinakutii. Saa 1 ndiyo kabla hujapoteza fahamu. Watu wengi hudhani baridi ndiyo inayoua, kumbe wengi wanakwenda katika ile dakika ya kwanza, hata baridi yenyewe hawajaihisi sawasawa. Nilimwambia Salim arudie hapo. Akarudia. Nikatoka nje nikakaa kidogo.

Sasa nikuambie mambo ya safari yenyewe, mengine niliyaona kwa macho yangu na mengine nimeulizia.

Uwanja wa ndege uko juu ya kisiwa, upande wa Richmond. Kabla hujatoka tafuta sanamu moja kubwa ya shaba ya rangi ya kijani, mtumbwi uliojaa abiria 13, watu na wanyama, dubu, tai, chura, wamebanana wanapiga kafi. Aliyeifanya ni Bill Reid, ambaye kwa mamake alikuwa wa kabila la Wahaida wa visiwa vya kaskazini. Wakati wangu haikuwepo, picha nimeonyeshwa. Tazama anayeshika usukani: ni kunguru. Mtu aliyefanya kazi ya bahari hawezi kupita pale bila kusimama.

Kutoka hapo kuna treni hadi katikati ya mji, chini ya nusu saa, usikubali teksi. Unagusa kadi ya benki mlangoni na mlango unafunguka. Ukitoka uwanjani wanaongeza dola 5 juu ya nauli, usigombane na mtu, ndivyo ilivyo. Na dukani bei iliyoandikwa siyo utakayolipa: vitu vingi hutiwa kodi mbili pale unapolipa, asilimia 5 ya serikali kuu na asilimia 7 ya jimbo. Hoteli na mikahawa wanatazamia uache bakshishi. Fanya hesabu kabla hujaagiza. Umeshalipa dola 185 za Kanada kwa viza na alama za vidole kabla hata hawajakuambia ndiyo, na zote kwa jasho lako mwenyewe, hukuniomba shilingi. Hilo nimelisema msikitini na nimelisema kwa kinyozi.

Swala. Julai kule Magharibi huingia kama saa tatu na robo za usiku, na Alfajiri kabla ya saa kumi. Usiku ni kama kope. Usije ukaona mwanga ukadhani bado ni Alasiri, ukajikuta uko mlimani saa tatu usiku na giza linaanguka kwa ghafla katikati ya miti. Na saa zetu zimepishana kumi. Ukinipigia saa mbili ya asubuhi yako, huku ni saa kumi na mbili za jioni, nitakuwa nimekaa nje, nipigie wakati huo. Hasa siku ya tano. Siku ya tano nitakuwa nje kuanzia saa kumi.

Stanley Park izunguke kwa miguu, ndiyo pahali pazuri kuliko pote. Ule ukuta wa bahari una kama kilomita tisa na zaidi, na fundi mmoja wa mawe kutoka Uskoti, James Cunningham, alitumia zaidi ya miaka 30 ya maisha yake kuusimamia. Baiskeli zina upande wake na waendao kwa miguu upande wao, usichanganye. Utapita totemu za wenyeji, zile nguzo ndefu za miti zilizochongwa, na ujue kwamba watu waliishi mle msituni, Wasquamish, Wamusqueam na Watsleil-Waututh, kabla pahala hapo hapajaitwa bustani mwaka 1888, na waliobaki waliondolewa. Utaona jiwe refu limesimama peke yake majini na miti kichwani, Siwash Rock. Na utaona sanamu ya msichana amekaa juu ya jiwe baharini, amevaa nguo ya mpira ya wapiga mbizi na miwani ya maji paji la usoni. Ipo tangu 1972. Itazame vizuri nguo ile. Hata waliozaliwa kando ya maji hayo hawaingii bila kujifunika.

Saa tatu kamili za usiku utasikia mzinga. Unapigwa kila usiku pale bustanini, mzinga wa Kiingereza wa mwaka 1816. Sisi tulikuwa tumetia nanga English Bay tukingoja gati, na usiku wa kwanza ulipolia mpishi wetu alitoka mbio jikoni na mwiko mkononi. Baada ya siku kumi na moja tulikuwa tunalala kwa mzinga ule. Meli za ngano bado zinangoja palepale, utaziona zimejipanga. Zikipata nafasi hupita chini ya daraja la Lions Gate, la mwaka 1938, na mkondo wa pale ni mkali, nahodha haingii bila rubani wa bandari. Mvua ikinyesha upakiaji wa ngano husimama, ngama hufungwa. Ndiyo maana tulipata siku za kushuka. Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Kumbuka hilo la mvua, nitalirudia.

Ulikuwa mwaka wa maonyesho makubwa, Expo 86, yalifunguliwa Mei 2. Nilikwenda nikatazama treni zao zisizo na dereva, na lile kuba linalong'aa usiku ambalo sasa ni jumba la sayansi. Nikaingia duka moja kununua sabuni, mwenye duka, Mhindi wa makamo, akanitazama kofia yangu akasema, "Habari za Mombasa?" Mtu wa Kampala. Idi Amin aliwafukuza mwaka 1972, Kanada ikapokea maelfu yao, na wengi walihamia mji ule. Alinipa chai nyuma ya kaunta, akaniuliza kama maembe ya dodo bado yapo, akalia. Huyo rafiki yako unayekwenda kukaa kwake si yuko Burnaby? Basi huko wazee wa namna hiyo na watoto wao ni wengi. Muhogo wanauita mogo na utaupata dukani. Ukikutana na mzee wa Kihindi msalimie shikamoo kwanza kabla hujajua anatoka wapi, na chunga maneno yako ndani ya basi, usidhani hakuna anayesikia.

Gastown tazama saa yao ya mvuke, kisha rudi ulikotoka. Ukiifuata Hastings kuelekea mashariki utakuta watu wamelala barabarani, wengine wamejikunja kama waliosahauliwa na mgongo wao. Ni dawa za kulevya. Jimbo lile lilitangaza dharura ya afya mwaka 2016 na vifo havijawaachia. Usipite usiku, na usiwapige picha. Mtaani kwetu pia unga umewala watoto wa watu, na unawajua kwa majina.

Mlima wa Grouse sikukatazi. Ile njia yao ya kupanda ina ngazi 2,830, si mchezo, lakini miguu yako naijua. Kuteremka hawaruhusu kwa njia ile, utarudi kwa gari la kamba. Chukua maji, mwambie mwenyeji wako saa uliyoondoka. Ukipatwa na jambo namba ni 911.

Sina tatizo na milima. Ni maji.

Kwenda upande wa kaskazini utapanda kivuko, SeaBus, kinavuka kwa dakika kama 12, si kama cha Likoni, hakuna kusukumana. Ukitazama kuliani kwa mbali utaona daraja la pili, la wafanyakazi wa chuma. Tarehe 17 Juni 1958 lilianguka likiwa linajengwa, likawaangusha wanaume 79 majini. Walikufa 18. Kisha akateremka mpiga mbizi kutafuta miili, naye akafa mlemle, wakawa 19. Mpiga mbizi, Zuhura. Mtu ambaye hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ikimlisha.

Basi nenda Lynn Canyon, sikuzuii kwenda. Daraja lao la kamba liko pale tangu 1912, liko juu kama mita 50 na halilipishwi, kuliko lile la Capilano ambalo tiketi yake itakula pesa ya chakula cha siku mbili. Simama katikati, shika kamba, litayumba. Tazama chini. Piga picha unitumie. Halafu uende zako na viatu vyako miguuni.

Kabla sijasahau, habari za nyumbani. Lile tangi la lita 5,000 limefika, fundi ameliweka juu ya paa, lakini kiunganishi cha chini kinavuja na mamako ameweka ndoo. Maji ya mkokoteni yamepanda tena bei, kwa hiyo tangi limekuja wakati wake, Mungu akuzidishie. Pesa ulizotuma hazikutosha kwa fundi. Zilitosha, nisiseme uongo, ila nilichukua kidogo nikamalizia ada ya chuo ya Salim kwa kuwa walitaka kumzuia asifanye mtihani. Nilidhani nitazirudisha kabla hujauliza. Usimkasirikie, hajui. Paka amezaa tena kwenye kabati la mashuka, wanne, mmoja wa rangi ya machungwa mamako anasema ni wako. Shangazi yako wa Kuze anauliza kama utaweza kumletea dawa ya nywele, nimemwambia wewe si duka.

Na koti. Uliniomba lile koti la sufu lenye miraba myekundu na myeusi uende ukapigie picha nalo kule lilikotoka. Nilikujibu nitafikiria, ukanuna. Nimefikiria. Salim anakuja nalo.

Lakini koti lile sikulinunua. Miaka yote mmenisikia nikisema nililinunua kwa mshahara wangu wa kwanza wa Kanada. Hapakuwa na mshahara wa Kanada, meli ile ilitulipa miezi minne baadaye, tena nusu.

Na ile hadithi yangu ya jabali, nikiisimulia huishia pale miguu inapoachana na jiwe. Mnacheka, mnapiga makofi, chai inamiminwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza nini kilifuata, nami sikumsaidia mtu kuuliza.

Mvua ya siku mbili ilikuwa imeujaza mto. Tulikuwa watatu, mimi, kijana wa Lamu na Mfilipino wa chumba cha injini. Nilikuwa na miaka 24 na nilikuwa nimechupa kutoka kila ukuta wa Mombasa. Kichwa kilipozama, pumzi ilijivuta yenyewe kabla sijaamua. Maji yakaingia. Nilipotokeza juu nilitaka kuita, sauti haikuwepo, kifua kilikuwa kimefungwa kama mtu amekikalia. Nikainua mkono. Yule wa Lamu, juu ya jabali, akainua wake, akashangilia. Alidhani nampungia. Vidole vyangu vilikuwa vimejikunja kama magando ya kaa, nilivitazama nikiviambia fungukeni na havikunisikia. Mkondo ukaniburura hadi penye kona, na hapo alikuwepo mvulana mmoja mzungu amekuja na mbwa wake, wa miaka kumi na sita au saba hivi. Alilala kifudifudi juu ya mawe akaninyoshea tawi refu. Sikuweza kulishika. Nililikumbatia kwa viwiko, akanivuta hivyo, kama anavyovutwa papa. Akalivua koti lake kwa haraka, kifungo kimoja kikaruka kikaangukia mtoni, akanifunika, akanisugua mgongo, huku mbwa analia. Nilipoweza kusema nilitaka kumrudishia. Akakataa. Jina lake sikumuuliza. Siku tatu baadaye tuling'oa nanga.

Mamako halijui hili. Nitamwambia mwenyewe, usinitangulie.

Kabla hatujaondoka nilishuka mara moja zaidi, nikatembea peke yangu ufukwe wa English Bay. Ng'ambo ya barabara kuna bustani ndogo, Alexandra Park, na ndani yake sabili ya mawe, fupi, imewekwa chini ili mtoto aweze kufikia maji bila kubebwa. Juu yake kuna uso wa mtu mweusi. Nikasimama. Bibi mmoja mzee wa kizungu akaja akakaa kwenye benchi akaniambia, yule ni Joe. Joe Fortes. Alitoka visiwa vya Karibi, alikuwa baharia kama mimi, akafika mji ule mwaka 1885, akakaa kando ya ufukwe ule kwenye kijumba chake akiwafundisha watoto kuogelea na kuwatoa majini waliozidiwa, kwanza bila malipo, baadaye mji ukamwajiri awe mlinzi wake wa kwanza wa waogeleaji. Watu wasiopungua 29 wanahesabiwa kuwa aliwaokoa. Alipokufa mwaka 1922 mji mzima ulisimama kumzika, na sabili ile ikajengwa mwaka 1927. Imeandikwa kwamba watoto wadogo walimpenda.

Yule bibi naye alifundishwa na Joe, alikuwa mtoto wa miaka mitano au sita. Akanionyesha jinsi alivyokuwa akimshika nguo yake kwa nyuma, kwenye mgongo, ngumi imefumba, na hamwachii mpaka amwone miguu yake inapiga maji vizuri. Alinyoosha mkono wake pale kwenye benchi akaufumba ngumi hewani. Mkono ule nauona hadi leo.

Nilirudi nyumbani na picha ile kichwani. Miaka ikapita, ukazaliwa wewe, ukafika umri ule. Na siku ile pale kwenye Ngazi za Leven, unaikumbuka, sina haja ya kukuhadithia. Mamako hakusema nami siku ngapi? Nilikuwa nikisema nilikufanya jasiri. Ulitoka majini bila kulia na kila mtu akasema huyu ni mtoto wa babake. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kukushika nguo.

Kwa hiyo nikiona umeandika "Kama Baba", nasema hapana. Ukitaka kwenda kuona alipopita babako, nenda kwenye sabili ile. Kunywa maji kama bado yanatoka. Iguse. Hiyo ndiyo picha niitakayo, niitie kwenye kioo pale sebuleni mahali pa ile ya meli.

Na usiniambie kwamba utaingia kidogo tu, hadi magotini. Wote huingia hadi magotini kwanza. English Bay ukitaka kuoga, oga, ni bahari tambarare, Julai watu wamejaa na walinzi wapo, lakini ingia polepole, jiroweshe kifua kwanza, hesabu mia kabla hujaogelea, na usiende peke yako. Mkikodi kayaki Deep Cove vaa jaketi la kuokolea na ulifunge, usilikalie. Mto hapana. Korongo hapana. Sikukuombi tena kwa barua nyingine, nakuomba kwa hii.

Karatasi imekwisha na adhana ya Magharibi iko karibu. Mamako amekufungia kashata na achari ya ndimu. Achari mpe mwenyeji wako mtakaposhusha mizigo, na kwenye fomu ya forodha andika kuwa una chakula, usifiche, hawana ugomvi na anayesema. Leso mbili ni za mamake rafiki yako. Salim akifika mpe chakula kwanza, hajui kusema kuwa ana njaa, kisha mpe nauli ya kurudia, alibakiwa na mia tatu.

Koti limo kwenye mfuko wa buluu, chini kabisa. Litoe ulianike, linanuka vile vidonge vyeupe vya kabatini. Kifungo cha tatu ni cha shati langu la zamani, mamako ndiye aliyekishona na leo hakuwa na uzi mweusi wa kukikaza. Kimelegea. Kikaze kabla hujaondoka.

Babako